Mguu wa Kulia Mbele

Kwa miaka ishirini na sita nimenoa kingo za mbao za kutelezea theluji za watu wengine, na mwenyewe sikuwahi kupanda hata ubao mmoja mpaka msimu huu, nikiwa na miaka hamsini na tisa. Mganga hajigangi. Karakana yetu iko chini ya mlima, nyuma ya jengo la kukodisha vifaa, hapa mkoani Gangwon, na mkono wangu unaijua tupa kuliko unavyokijua kijiko.

Nilianza kwa sababu ya simu. Binti yangu Eun-sol anaishi Busan, ambako theluji ni kitu cha kwenye televisheni. Hupiga kila Jumapili.

"Baba, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula."

Halafu tunanyamaza, na nasikia friji yake ikinguruma. "Haya Baba, uvae vizuri," atasema, na simu imekwisha. Miaka kumi na mmoja tumeongea hivyo. Kabla ya hapo alikuwa mshindani wa mbio za ubao mwembamba, ule wa buti ngumu, wa kukata kona kati ya bendera nyekundu na za buluu. Kwenye kona ya vidole, ile ya kuegemea mbele, alikuwa moto. Kona ya kisigino, ya kuegemea nyuma, ndiyo iliyomwangusha kila mara, na mimi nilisimama kwenye uzio nikipiga kelele, "Kisigino! Kalia kisigino!" Siku moja, akiwa na miaka ishirini, alianguka bendera mbili kabla ya mwisho. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Kisigino chako kinatia aibu ukoo." Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo nilivyojitetea moyoni. Akavua buti, akaziweka kwenye rafu ya karakana, na hakuzigusa tena. Aliyekuja kulia ni mimi.

Basi nikasema, nikijua anachokijua yeye, labda Jumapili tutakuwa na la kuongea.

Mwalimu Tak ana miaka thelathini, na anafundisha wanaoanza. Siku ya kwanza alinisimamisha kwenye theluji tambarare, akaniambia nimpe mgongo, kisha akanisukuma bila hodi. Nikapiga hatua nisianguke.

"Wee mwalimu, una wazimu? Unasukuma wazee?"

"Mguu gani umetangulia, Mzee Pyo?"

Nikatazama chini. "Wa kushoto."

"Basi huo ndio wako wa mbele. Mtu hachagui. Ukimlazimisha mguu usio wake, kona ya vidole atajikakamua, lakini ya kisigino itamtupa mpaka azeeke."

Nilicheka. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Nilimwona Eun-sol ana miaka saba, kwenye shamba la mpunga lililoganda nyuma ya nyumba yetu, anakimbia, anaruka, anateleza kwenye barafu. Mguu wa kulia mbele. Kila siku, majira yote ya baridi, mguu wa kulia mbele, na mimi nikimtazama dirishani huku nikinywa supu.

Mbao zote za kukodisha tunazifunga kwa mguu wa kushoto mbele, kwa sababu wateja wengi ni wa kushoto na foleni ni ndefu. Ubao wake wa kwanza niliutoa kwenye rafu ya hizo za kukodisha. Kila aliponunuliwa mpya, mimi mwenyewe nilipima vishikio vya buti kwenye ule wa zamani na kuvifunga vilevile kwenye mpya. Skrubu nne kila mguu. Kugeuza ni kazi ya dakika kumi, na mwenye bisibisi nilikuwa mimi.

"Mzee, uko sawa?" Mwalimu Tak aliuliza. "Hata hatujaanza, ushalia?"

"Upepo," nikamwambia. Hapakuwa na upepo.

Sikuacha kujifunza. Nilianguka mpaka wale wa kwenye lifti ya viti ya mlimani wakanizoea na kunipungia mikono. Sisi watu wa mchezo huu hatuulizani nani ana kasi. Tunapanda kiti cha lifti na kutazama chini tuone mstari tuliouacha. Aliyeburuza ubao ameacha njia pana iliyochafuka, na aliyekata kweli ameacha uzi. Asubuhi moja mwishoni mwa Januari niliona wangu, uzi mwembamba kwenye kona ya vidole, kisha kwenye kona ya kisigino fujo tupu. Nilitamani Eun-sol awe amekaa kando yangu kwenye kiti kile. Siku hiyohiyo nilishusha ubao wake wa mwisho, uliotundikwa ukutani karakana tangu alipoacha, nikafungua skrubu zote nane na kuugeuza, mguu wa kulia mbele.

Mwaka mpya wa kalenda ya mwezi alikuja kwa asubuhi moja tu. Tuliwaandalia wahenga wetu meza ya sadaka, akaniinamia kama ilivyo desturi mpaka paji la uso likagusa sakafu, tukala supu ya vipande vya mkate wa mchele. Nikamwambia, "Twende karakana mara moja." Njiani nilipanga hotuba nzima, na tulipofika haikutoka hata sentensi moja. Kwa hiyo nikamsukuma kwa nyuma.

"Baba!"

Mguu wa kulia ulikuwa mbele. Akautazama, kisha akautazama ubao wake mezani, na vishikio vilivyogeuzwa.

"Nisamehe," nikasema. Neno hilo sikuwa nimewahi kumwambia maishani.

Akapitisha kidole kwenye skrubu moja. "Nilijua, Baba. Tangu nina miaka kumi na tatu. Kocha wa timu aliniambia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kila Ijumaa ulikuwa unanikazia skrubu mwenyewe, hutaki mtu mwingine aguse. Unapiga mluzi. Nikwambie, Baba, umekosea?"

Buti zake zilikuwa palepale kwenye rafu, nilikuwa nimezifuta vumbi. Akavua koti, akazivaa, akapanda ubao juu ya zulia kuukuu la karakana. Vishikio vikalia, tak, tak. Akaninyooshea mikono na mimi nikaishika, nikakaza miguu niubebe uzito wake, naye akakunja magoti na kuegemea nyuma polepole, mpaka ubao ukasimama kwenye ukingo wa kisigino. Akakaa hapo. Hakutetemeka. Alifumba macho.

"Kumbe ni rahisi hivi," akasema, na machozi yakamtoka huku amefumba.

Nje lifti ilikuwa inazunguka na mlima umelimwa na mashine mistari mizuri, hakuna aliyeugusa. "Mara moja tu," nikamwomba. "Nitakuja nyuma yako, taratibu."

Akatazama dirishani muda mrefu, kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kuishi. "Basi langu ni saa saba, Baba."

Akavua buti. Nilimsindikiza kituoni nikiwa nimembebea mkoba, na nilipompa alishaweka mguu kwenye ngazi ya basi. Kisha akashuka tena.

"Usizigeuze," akasema.

"Nini?"

"Skrubu. Ziache zilivyo."

Sasa ni Machi, na theluji inalika kuanzia chini. Ubao wake uko ukutani, mguu wa kulia mbele, nimeupaka nta ya kuulaza mpaka msimu ujao. Sijui kama atakuja. Jumapili hupiga simu, na akishaniuliza kama nimekula, huniuliza mstari wangu umefika wapi.

"Vidoleni ni uzi mtupu," nilimwambia jana. "Kisigino bado."

"Kalia kisigino, Mzee," akasema, na nikasikia anazuia kicheko. "Unatia aibu ukoo."

Friji yake ikanguruma, na hakuna aliyekata simu.