Kumsindikiza Unga

Kwa muda mrefu chakula changu cha usiku kilikuwa ndicho kifungua kinywa cha mume wangu. Alikuwa mwoka mikate. Aliamka wakati majirani wanafunga milango, ananawa uso, tunakaa mezani na kula hasa, si kudonoadonoa. Kisha namsindikiza hadi kona ya duka la dawa, yeye anashika njia ya kazini, mimi narudi. Nikigusa mto tu, usingizi huu hapa. Alfajiri ufunguo wake mlangoni ndio ulioniamsha, akaingia na unga kwenye nyusi. Mtaa mzima ulimwita Unga, na mimi pia, hasa nikimkasirikia.

Alipofariki watu walikuja, wakalia, wakaondoka. Sufuria ikabaki ileile. Mkono wangu haujui kupima wali wa mtu mmoja, na kutupa chakula siwezi, kwa hiyo nikawa nakula changu na chake, saa ileile, kisha moja kwa moja kitandani. Hapo ndipo vita vilipoanza. Tumbo gumu, kiungulia kimenikaba koo, macho makavu. Nageuka huku, nageuka kule, mpaka saa ya ufunguo ipite. Ikishapita ndipo napata lepe la usingizi, na muda si muda natakiwa kazini.

Mimi ni fundi cherehani. Juzi nilikata gauni la mama wa bibi harusi, nikatoa mikono yote miwili ya kushoto. Wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Mwenye karakana hakucheka. Alinivuta pembeni akaniambia, kwa upole uliouma kuliko matusi, kwamba nikiharibu tena kitambaa cha mteja itabidi nikapumzike nyumbani. Nikapumzike na nani huko? Pale karakana walau kuna mtu wa kuniambia nisogeze kiti.

Nikaenda zahanati nikiwa tayari kupewa vidonge. Daktari, kijana asiye na mvi hata moja, akaniambia nile mapema, nile kidogo, nisipande kitandani na shibe. Nilimjia juu. Nikamweleza kwamba nimekuwa nikila usiku tangu yeye hajazaliwa, na nililala kama gogo. Hakukasirika. Aliweka kalamu chini.

"Sasa mama, zamani ukishakula, ulikuwa unafanya nini kabla ya kulala?"

"Namsindikiza mume wangu."

"Mbali?"

Nikaikumbuka ile kona. Hakuna siku tuliyoagana mara moja. Nikimfikisha kona, anasema hawezi kuniacha nirudi peke yangu, ananirudisha nusu ya njia. Nami namrudisha tena, tunacheka kama watoto, mpaka achelewe. Hayo sikumwambia daktari. Nilimjibu tu kwamba ni mwendo kidogo, naye akasema basi nitembee.

Jioni ile nilipika mapema. Nilipima mchele kama kawaida, kisha nikaurudisha kwenye kopo kijiko kwa kijiko, huku machozi yananitoka. Nikala, nikavaa viatu. Jua lilikuwa bado lipo, na nilijiona mjinga, mwanamke mzima anasindikiza hewa. Nilipofika kona nikasimama palepale petu. Mwenye duka la dawa, aliyezoea kutuchungulia na kututania, alitoka akauliza kama kuna dawa ninayotafuta.

"Hapana," nikamwambia. "Namsindikiza Unga."

Akarudi ndani taratibu. Nikangoja kidogo, maana hapo ndipo Unga angesema hawezi kuniacha. Kisha nikarudi, njia nzima, bila mtu wa kunifikisha nusu.

Nilipozinduka asubuhi, jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Tumbo shwari, mwili mwepesi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikifurahi, nikiwaza namna nitakavyomringia mwenye karakana. Ndipo nikaelewa. Saa ya ufunguo ilikuwa imeshapita, nami sikuisikia. Kumbe kila usiku wa kiungulia nilikuwa namngoja, na huu ndio wa kwanza ambao sikumngoja.

Nililia kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na wa kumsumbua. Kisha nikanawa uso, nikaenda kazini, nikakata mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Mwenye karakana aliikagua mikono ile, miwani ikiwa puani, akanisifu kwamba naonekana nimelala vizuri.