Siku Arobaini za Bungu

Mwantum alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kuvuna mpunga, unalala, unaamka umekwisha. Huu ulimwingia mifupani tangu bintiye Mwanaidi ajue kutembea. Mtoto ana miaka minane na hana kitako! Umtume chumvi, atarudi na kaa mkononi, chumvi ameisahau. Darasani husimama, huchungulia dirishani, akatoka zake.

Na ushauri? Kijiji kizima cha Maparoni, kule deltani, kilikuwa na ushauri! Mwalimu alisema fimbo. Bibi yake mtoto alisema kombe, maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji, mtoto akanywa kombe wiki tatu. Na miaka ile ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, maduka ya dawa yamefunguliwa Kibiti kila kona, muuzaji mmoja akatoa chupa ya dawa tamu. Mtoto akalala siku mbili, mama yake kando akisikiliza kama anapumua. Wote waliapa kuwa atatulia. Hakuna aliyerudi kuuliza imekuwaje.

Mwisho shemeji yake, Haruna, akakata shauri: mtoto apelekwe Bungu kwa fundi wa uganga, aachwe siku arobaini, afungwe mguu mpaka mdudu amtoke. Basi wametoka deltani tangu jana, wako Kibiti wanangoja gari. Mwantum amemfunga mtoto mkono kwa ncha ya kanga, ncha nyingine kiunoni mwake. Wapi! Mwanaidi alichopoka, akakanyaga chupa, akafungwa tena, na sasa wako zahanati, nesi Sabra anamfunga bendeji.

"Mnakwenda wapi na kamba hii ya kanga?" nesi akauliza.

Mwantum akamweleza yote. Alijua linalofuata, ushauri mwingine, akajiinamia kuungoja.

"Dawa sina, mama Mwanaidi," nesi akasema. "Semina moja walitutajia hali hii, jina silikumbuki, nisikudanganye. Ila mwanangu yuko hivi hivi. Ana miaka kumi na minne."

Mwantum akainua kichwa. "Ukamfanyaje?"

"Namtuma jambo moja. Nikimtuma mawili, anasahau yote mawili. Namshika bega kwanza, anitazame, ndipo niseme. Na akifanya, namwambia umefanya vyema."

"Akaacha?"

"Hajaacha. Mimi ndiye niliyeacha kumpiga."

Hasira zikampanda Mwantum. Safari yote hii, kuja kusikia hajaacha! Kisha machozi yakamtoka, yakamtoka hasa, maana miaka yote minane huyu ndiye mtu wa kwanza ambaye hakumwapia kitu.

Nje gari la Bungu likapiga honi. Utingo akaita, "Bungu, Bungu! Mama, panda!" Mwantum akautazama mkono wa bintiye, alama nyekundu imekaa chini ya fundo. Akalifungua fundo. Haruna atasema. Aseme!

Mwanaidi akachechemea mbio hadi mwisho wa baraza. Gari likaondoka. Mwantum akamfuata taratibu, akamshika bega mpaka macho yao yakakutana.

"Niletee maji."

Hakuongeza neno. Mtungi ulikuwa kule mlangoni, na njiani palikuwa na kuku, na paka, na mtu mwenye baiskeli. Mwanaidi akasimama kwa kuku. Akasimama kwa baiskeli. Mwantum akauma mdomo, asiite.

Mtoto akarudi na kikombe, nusu imemwagika.

"Umefanya vyema," akasema Mwantum, akainywa yote ile nusu iliyobaki.