Manyoya ya Kifuani

Fundi cherehani alipofungua banda asubuhi, alikuta kitoto kimoja cha sungura kimeanguka nje ya kiota, baridi kama jiwe. Mama yake alikuwa pembeni akitafuna majani, kana kwamba hayamhusu.

“Mama gani huyu!” mumewe alifoka. “Kazaa jana, leo kawatupa.”

Fundi aliinama akakiokota. Alikitia kitoto kifuani, ndani ya blauzi, akaketi kushona. Gauni lilipokaribia kwisha, akakisikia kinafurukuta. Alikirudisha kwa wenzake, waliojizika ndani ya manyoya laini.

Jioni fundi na mumewe wakachungulia bandani. Sungura aliingia kiotani, akasimama juu ya wanawe, nao wakageuka chali wakanyonya kwa pupa, hata yule aliyeanguka. Alipomaliza akawafunika vizuri, akatoka. Hapo ndipo walipoona kifua chake: kilikuwa kitupu, ngozi tu.

“Kumbe amejinyonyoa mwenyewe!” mume alinong’ona. “Blanketi lote lile katoa mwilini mwake!”

“Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, baba watoto.”

Mume alichukua mundu bila kuambiwa, akaenda kumkatia majani mabichi.