Mumiani wa Kariakoo

Dokta Sabaha alikuwa na jina lake Kariakoo: Mumiani. Alilipata kihalali. Tangu zama za ruksa zifungue milango na maduka yafurike redio na mitumba, yeye alipita vibandani akitoboa watu vidole, tone la damu juu ya karatasi, apate kujua vinasaba vya watu wa Dar vimechanganyika vipi. Wenzake walisema vitabu vya Ulaya vinatosha.

"Hao wa vitabuni hawauzi mitumba Mtaa wa Kongo," aliwajibu, akaendelea kutoboa.

Basi duka la Mzee Vallabhdas likaungua, likaua vijana wawili: Jaimin, mwanawe, na Sadalla, muuzaji wake. Nyuso hazikutambulika, ila maiti moja ilikuwa na bangili ya fedha. Shreya, binti wa mzee, alimvika kaka yake bangili kama hiyo kwenye sikukuu yao ya akina dada kuwafunga kaka zao uzi. Mzee hakutaka kusikia lingine. Kuni za kumchomea maiti, kwa desturi yao ya Kihindu, zilikwisha kupangwa.

"Simtoi," alisema Sabaha, aliyesimamia chumba cha maiti. "Aliyezikwa hufukuliwa. Aliyechomwa ndiyo basi tena. Nipe damu yako."

"Namjua mwanangu! Wewe nani wa kunizuia?"

Hata Bi Zamzam, mama yake Sadalla, alimsihi ampe mwanawe akamzike. Maiti ya Kiislamu haicheleweshwi, na Sabaha alilijua hilo tangu utotoni. Lilimuuma, lakini hakutetereka. Kazi yake aliiamini. Akawatoboa wazazi wote.

Majibu yakatoka: mwenye bangili ni mwana wa Zamzam. Akayapima kwa yale matone ya sokoni yaliyochekwa na wenzake, kuona kama mfanano huo ungeweza kuwa wa bahati tu, shaka isibaki hata chembe.

Shreya akaangua kilio.

"Nilinunua mbili, baba. Sadalla alisema hana dada, nikamfunga na yeye. Nilikuficha. Ya Jaimin nimeikuta leo kabatini kwake."

Mzee alimgeukia Bi Zamzam.

"Ningemchoma mwanao, mama."

"Na mimi ningemzika wako, nikimlilia kwa jina la mwingine."

Kisha Bi Zamzam akamshika Shreya mkono. "Mlilieni Jaimin kwanza, mwanangu. Ukimaliza, njoo kwangu Ilala ukae na wafiwa. Watu wasije wakasema Sadalla hakuwa na dada."

Sabaha, ambaye halii kazini, alilia.