Chini ya Sahani

…na chini yake ni peupe, peupe kabisa, hapana kitu ila kile kikaratasi cha bei kilichobandikwa upandeupande, na Fundi anapapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa bodi ya gari kabla ya kupuliza rangi, kutafuta ubonde, kutafuta kovu, kidole kinateleza tu, sahani haijawahi kumjua mtu, na binti wa dukani amesimama pembeni yake, karatasi ya kufungia mkononi, anasema, "Mzee wangu, hii ndiyo inayotoka sana siku hizi, seti ya watu sita, sahani, bakuli, vikombe na visahani vyake, rangi isiyong'aa, ukiipanga mezani nyumba yenyewe inatulia," nyumba inatulia, ehe, si ndicho alichokifuata huku, kwenye duka linalonukia kama sabuni ya wageni, na viatu vyake vya gereji vikimtia haya, nyumba itulie, maana saa saba binti yake anafika na mtoto, miezi minane hajakanyaga pale… isiyong'aa, anawaza, gari likitoka gereji na rangi ya namna hii mwenyewe atauliza kama umeme ulikatika kabla kazi haijaisha, lakini nzuri, asiseme uongo, nzuri, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na pale katikati ya duka wamepanga meza nzima, vitambaa vimekunjwa, vijiko vya mbao kwenye kikombe, birika nono limekaa kama bibi harusi, viti vinne na hakuna aliyekaa, meza iliyojiandaa hivyo na hakuna mtu wa kuita karibuni… "Baba, kesho nakuja," ndivyo alivyosema jana kwenye simu, sauti fupi, ya kupimapima, "nakuja na mtoto, tutakula mchana hapo, ameanza kula siku hizi, anatupa vijiko, usihangaike," na hilo usihangaike ndilo lililomnyima usingizi, kwa sababu mama yake naye alikuwa akisema usihangaike pale hasa alipotaka mtu ahangaike, na yeye Fundi ilimchukua miaka kumi ya ndoa kulijua hilo. Ndipo asubuhi akamwuliza mwenzake wa gereji, fundi umeme, wanayemwita Waya kwa wembamba wake, na Waya akajibu bila kutoa kichwa chini ya boneti, "Kanunue vyombo vipya, bwana, vile vingine ficha, akikuta vipya hata hatakumbuka," Waya ana watoto watano na wote humwamkia wakiwa mlangoni ili wapate njia ya kutokea, huyo ndiye mshauri aliyepatikana.

"Uipindue tena uione vizuri, mzee," binti wa dukani anasema, na yeye tayari ameshaipindua mara tatu, anaona haya, anairudisha juu, kisha mkono unaipindua tena wenyewe… lo, sasa ndiyo anajua kupindua sahani, sasa, mwaka huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kula kwa upande wa juu tu, upande wa wali na mchuzi, sahani inakuja imejaa inaondoka tupu, huko chini kuna nini yeye ataona wapi, chini ya sahani anapajua anayeosha, na aliyekuwa akiosha ni mke wake, na binti yao juu ya kistuli pembeni ya mama yake, wawili hao na povu hadi viwikoni, wanacheka mambo ambayo akiingia jikoni yanakatika, "Hakuna kitu, baba, endelea na gazeti lako." Sahani zenyewe wala hazikuwa seti, za maua ya bluu mbilimbili, za mstari wa kijani, moja ya jogoo ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi, mkewe alizichuma sokoni moja moja miaka yote hiyo, na mtaa mzima ulizijua, kukiwa na shughuli kwa jirani mtu anatumwa, mama anaomba sahani, na zinatoka, na zinarudi, kila moja, hata kifuniko cha chungu kinarudi, yeye alidhani ni uaminifu wa watu, kumbe… na siku ile, wiki moja baada ya maziko, wanawake wa mtaani wakaleta vyombo vyote kwenye beseni mbili, wakampa pole, wakaondoka, na nyumba ikawa kimya, kimya cha kumsukuma mtu, akasema heri nioshe, akakunja mikono ya shati, akashika ya kwanza, akaigeuza, na hapo chini, vitone vitatu vyekundu, akageuza ya pili, vitatu vyekundu, ya jogoo, vitatu, kikombe, vitatu, na nyekundu ile aliijua, ama alidhani anaijua, mwaka ule wa lile basi la shule, lote jekundu, wiki tatu alilipuliza peke yake, akirudi nyumbani mwekundu hadi masikioni, akishika kila kitu kabla hajanawa, na mkewe akimfokea na kumcheka kwa pamoja, "Toka kwenye vyombo vyangu, wewe, utatulisha rangi!" na yeye hutoka ameshashika. Basi akajua, hivi ni vyangu, huu ni uchafu wangu, mwanamke huyu amekula miaka yote juu ya rangi yangu, ameosha wee haikutoka, na hakuniambia neno.

Aibu aliyoisikia, Mungu wangu… akaenda kwenye begi la kazi, akatoa msasa wa maji, ule laini kabisa ambao hata kwenye bati huoni ulipopita, thina hakutaka, harufu yake kwenye chombo cha kulia si adabu, akaketi kwenye kistuli kilekile, magoti yanagonga meza, akaanza, taratibu, duara dogodogo, maji kidogo, duara, kama alivyofundishwa ujana wake, doa la rangi mahali pasipo pake ni deni la fundi, halivuki siku, sahani kumi na mbili, vikombe tisa, bakuli kubwa, vifuniko, kutwa nzima, na akiongea naye, ndiyo, peke yake jikoni akiongea na marehemu, nisamehe mke wangu, tazama hii sasa, tazama hii ilivyotakata, ulikuwa uniambie tu, ningeitoa siku ileile, na jua lilipotua zote zilikuwa zimepangwa kabatini, chini nyeupe kama zimezaliwa, na kwa mara ya kwanza tangu azike alikula akashiba.

"Na hazisumbui kuosha," binti wa dukani anasema, anajua kazi yake huyu, hana papara, anafuta ukingo wa bakuli kwa kitambaa huku akiongea, ana namna ya kushika chombo kwa vidole vyote kama aliyefunzwa na mtu… binti yake naye hushika hivyo, siku mbili baada ya kule kusugua aliingia na tumbo lake la miezi minane, amekuja kumkalia baba yake wiki, wakala vizuri, akasimama aoshe, yeye Fundi akabaki mezani akichokonoa meno, akisubiri, jamani, akisubiri asifiwe, na maji yakaacha kumwagika. Sahani ikageuzwa. Ikageuzwa nyingine. Kabati likafunguliwa. "Baba, vitone viko wapi?" "Nimesafisha," akasema, na alisema kwa kujivuna, hilo ndilo linalomchoma mpaka leo, kule kujivuna. "Umesafisha?" "Zote." Na binti akakaa chini, palepale sakafuni na tumbo lake, sahani ya jogoo mapajani, akasema polepole kama anayemsomea mtu asiyejua kusoma, kwamba ile ilikuwa rangi ya kucha ya mama, kwamba kila sahani iliyoingia nyumbani iliwekwa alama isipotee kwa majirani, kitone kimoja cha mama, kimoja cha baba, kimoja chake, na kwamba aliyevitia ni yeye, tangu ana miaka minne, mama akimshika mkono usitetemeke, "Na kila nikija, nikiosha, nilikuwa nageuza ili nituone. Umetufuta, baba. Umetufuta wote watatu." Na hapo, pale mtu mwenye akili angepiga magoti, yeye akafanya analolifanya siku zote akibanwa, akawa mgumu, akasema, "Sahani ni sahani, mwanangu"… sahani ni sahani, akasema, ulimi huu, na jioni hiyohiyo binti akafunga begi lake, na mjukuu akazaliwa, na mjukuu akaota meno mawili, na babu yake amemwona ndani ya simu tu, anazungusha simu huku na huku kama dereva anayerekebisha kioo cha pembeni. Na lile neno dogo hakulisema, nilidhani ni uchafu wangu, maneno manne, hakuyasema siku ile, na kwenye simu hayakupata pa kuingilia, kila mara yanafika hapa kooni, kisha anauliza hali ya hewa ya huko.

"Tena mzee wangu, uzuri wake mwingine, hata ukimwaga mchuzi, ukimwaga chai, unapangusa mara moja tu, hazishiki alama." Hazishiki alama. Fundi anaitazama sahani, anamtazama binti wa dukani, ambaye hana kosa lolote masikini, anatabasamu tu, na mle kichwani mlango wa nyumbani unafunguka, ni saa saba, binti anaingia na mtoto kiunoni, anaona meza mpya, seti ya watu sita inayong'a… isiyong'aa, na anasema zimependeza baba, kwa sauti ya mgeni, na macho yanakwenda kabatini, na baada ya kula anasimama aoshe, kwa sababu hajui kukaa, anageuza sahani, kwa mazoea tu mkono unageuza, na chini peupe… kha! Mara ya pili. Angemfuta mara ya pili, na safari hii kwa kifurushi na utepe. Waya na akili zake! Yule mwalimu mstaafu aliyeleta gari lake lipulizwe upya lote, akaweka kiganja juu ya mlango wa nyuma, hapa msiguse, palikuwa na mikwaruzo ya msumari, herufi tatu zilizopinda za mtoto wake, na gereji nzima walimcheka, na yeye Fundi alicheka kuliko wote, leo angemwomba radhi mzee wa watu. Vya zamani ndivyo vitakavyokaa mezani, maua ya bluu, mstari wa kijani, na ya jogoo atampa yeye, na kabla hajashika kijiko atamwambia, mwanangu, nilidhani ni uchafu wangu, nilikuwa namwomba mama yako msamaha, ndiyo maana nilizisugua zote, atasema hivyo, yote, hata sauti ikikatika ikatike. Na kile kichupa… kipo! Kwenye droo ya cherehani, hajaigusa droo ile, rangi itakuwa imeganda, itakuwa nzito kama asali, lakini hilo si jambo, tone moja la thina, koroga, subiri, hapo sasa yuko kwenye fani yake, rangi kavu haijamshinda bado. Atakiweka mezani karibu na mkono wake. Yeye mwenyewe hatatia hata kitone kimoja, hapana, mwenye mkono wake yupo, anakuja na basi, yeye babu atamshikia mtoto tu, na mtoto… mtoto atakula kwenye nini?

Anaangaza. Kwenye ile meza isiyo na watu, nyuma ya birika nono, kuna kibakuli kidogo, kizito chini, kimekaa kitako kisawasawa, mtupa vijiko atahangaika nacho sana kabla hakijapinduka, kina rangi ya yai la kuku wa kienyeji, na Fundi anakiinua, anakipindua, anapima kwa macho, kitone kimoja cha marehemu, kimoja chake, kimoja cha binti, kimoja cha huyu mpya, vinne, vinaenea, hata kile cha mkwe kinaweza kubanana hapo pembeni, tabia zake zikiridhisha.

"Kwa hiyo mzee wangu, nikufungie seti?" anauliza binti wa dukani, bado amesimama palepale, karatasi bado mkononi.

"Hapana, mama. Nifungie hiki."

"Kimoja tu?"

"Kimoja. Na hicho kikaratasi cha chini nibandulie, tafadhali, gundi yote itoke," na anakisukuma kibakuli mbele yake kwa mikono miwili. "Bandua wewe mwenyewe, mwanangu. Mimi mkono wangu ukianza kufuta haujui kuacha."