Mahari ya Jeep

Mji mzima wa Baraka unajua: binti akichumbiwa, kabla hata ya kutafuta mbuzi wa kuchinjia wageni, familia humtuma mtu kwa Mama Adolphine. Naye huja na mkeka wake mwenyewe, kwa sababu mikeka ya watu, anasema, ina kunguni na huruma. Hukaa mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, macho ameyafumba kama aliyelala. Upande wa mvulana ukitaja mbuzi wanane, hufumbua jicho moja. Likifumbuka la pili, mbuzi wamefika kumi na wawili na kitenge cha shangazi juu yake. Yupo kijana wa Lweba aliyekuja na mbuzi akaondoka na deni la ng'ombe wa Minembwe. Mpaka leo akisikia kicheko cha Adolphine sokoni hubadilisha njia.

Siku zisizo za mahari, Adolphine ni muuza ndakala kama wenzake. Hununua samaki hao wadogo asubuhi mitumbwi ikirudi, huwaanika mchangani, huwafunga magunia, kisha huwapandisha Fizi, kwa watu wa milimani wanaolipa vizuri kwa sababu ziwa wanaliona kwa mbali tu. Shida ilikuwa ni hiyo kupandisha. Gari lilikuwa la Norbert, shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Kamioneti kake kalikuwa kamezeeka, lakini bei yake ndiyo kwanza ilikuwa inabalehe. Akitaka anatoka, asipotaka analala. Akitoka, hupakia kwanza mihogo ya rafiki zake. Ndakala wakinyeshewa njiani wakavunda, nauli ilibaki ile ile.

Basi bamama wa ndakala wakaunda chama chao, wakakiita Tuinuane, wakaweka akiba kidogo kidogo, miaka na miaka, mpaka ikafika dola elfu kumi na mbili na mia nne. Wakakubaliana kununua jeep ndogo. Si lori, maana lori linakunywa mafuta ya esanse kama mwanaume aliyelipwa jana. Jeep ndogo ina miguu ya kupanda mlima na tumbo la kushiba upesi. Viti vya nyuma vinalazwa, magunia yanaingia, na siku isiyo na samaki inabeba wagonjwa, maarusi na mashemasi, na wote wanalipa. Mashemasi kwa kuchelewa.

Siku ya kutoa pesa hizo Norbert alikuja mkutanoni bila kuitwa.

"Bamama, gari si ndakala, hamuwezi kulinusa mukajua limeoza," akasema. "Mupatie mimi makuta, pesa yote. Nitashuka Uvira, nitanunua, tutaandika jina langu kwa carte rose. Gari linataka jina la mwanaume."

Carte rose ndiyo karatasi ya gari: jina lililo humo ndilo mwenye gari, na asiyeandikwa ni abiria tu, hata kama pesa ni zake. Kila mtu pale alilijua hilo. Kilichomuuma Adolphine si maneno ya Norbert, ni kwamba nusu ya bamama walitikisa vichwa kukubali.

Akasimama. "Mi nimeoza mabinti ya Baraka yote, nitashindwa na kitu ya mapine ine? Munipe wiki hii. Nikirudi bila gari, makuta ni ya shemeji, na jina ni la shemeji."

"Umesema, Yaya," Norbert akajibu, akimwita dada mkubwa huku akitabasamu. "Batu bote bamesikia."

Wakashuka Uvira watu watatu. Adolphine; Solange, mweka hazina wa chama, pesa amezifunga tumboni chini ya kitenge kama mimba ya miezi saba; na Nimbona, fundi Mrundi aliyekuwa na gereji yake Bujumbura kabla ya kukimbilia kambi ya wakimbizi ya Lusenda, ambaye ndiye angekuwa dereva. Njiani watu walimpisha Solange kiti. Mwanamke mmoja alimuuliza ni la ngapi. "La kwanza," akajibu, "lakini baba zake ni wengi."

Muuzaji wa kwanza, Patrice, alikuwa na jeep nyekundu inayong'aa karibu na bandari. Bei, elfu tisa na mia nane. Solange akamfinya Adolphine kwa furaha.

Adolphine akalizunguka gari polepole. "Ni binti muzuri. Wajomba wake ni banani?"

"Wajomba?" Patrice akauliza.

"Akiugua nani anamutibia, baba? Piesi zake zinatoka wapi?"

"Ah, piesi. Tunaagiza Dubai, Mama."

"Kwa hiyo akivunjika goti kule Fizi, sisi tunamukalisha kwa jiwe, tunapigia Dubai simu." Akainama, akapapasa pine la gurudumu. "Na viatu vyake mbona vimeisha hivi? Alikuja na miguu?"

Nimbona akacheka, akauliza habari ya duwane, ushuru wa forodha. Haijalipwa, Patrice akakiri. Lakini ni kitu kidogo, elfu mbili na mia tatu tu. Na plaki ya namba? Na carte rose? Mia nne na hamsini. Na mapine mapya mia tano na ishirini. Solange akajumlisha kwenye simu, akajumlisha tena, furaha ikimtoka usoni. Elfu kumi na tatu na sabini, na hapo hawajatia hata tone la esanse.

"Mahari kidogo, wajomba kumi," Adolphine akasema. "Mwanangu, Mungu akupatie mukwe asiyejua hesabu."

Wakaenda kwa Bertin.

Huyu alikuwa na jeep ya kijani, si ya kung'aa sana, lakini duwane ilishalipwa na usukani uko kushoto kama unavyotakiwa nchini. Aina yake imejaa Uvira na ng'ambo Bujumbura, hata Baraka zipo mbili, maana yake vipuri unavipata kwa mguu. Nimbona akalala chali, akaingia chini yake, ikaonekana miguu tu. Baada ya muda ikasikika sauti yake: "Mama, huyu ameolewa mara moja tu, na bwana alikuwa mupole."

Solange akamnong'oneza Adolphine: "Yaya, mapine imechoka, plaki haina, batri ni ya kubadilisha, na juu tunataka kitanda cha magunia. Hiyo yote ni elfu moja na mia mbili na zaidi. Tukilipa zaidi ya elfu kumi na moja, hatufiki nyumbani. Anza na kumi."

"Nitaanza na tisa," Adolphine akasema. "Mi si mutoto."

Na angeanza na tisa kweli, lakini Bertin alikuwa kijana mwenye adabu. Ofisini kwake viti vya wageni vilikuwa vimejaa vipuri, basi akamkalisha mama mtu mzima kwenye kiti chake mwenyewe, kile kilichoegemea ukuta. Yeye na kaka yake wakabaki wamesimama mlangoni, kofia mikononi. Nje jua lilikuwa kali, ndani kuna kivuli. Adolphine akanyoosha miguu. Macho yakajifumba yenyewe.

Bertin akakohoa kidogo. "Bamama, sisi hatukuje kugombana. Sisi ni batu ya kusikilizana. Tumeongea na yaya wangu huyu, tumesema tuanzie hapa: elfu kumi na moja na mia tano."

Jicho moja likafumbuka.

"Kumi na moja na mia tano?" Kikatoka kile kicheko. "Kwa binti kama huyu? Aliyelelewa, aliyelishwa, hana hata kidonda? Baba, usitutukane kwetu. Kumi na mbili! Chini ya hapo, muchukue mbuzi zenu, murudi nazo."

 Chini ya gari, miguu ya Nimbona iliacha kutikisika. Bertin akamtazama kaka yake, kaka akatazama dari. Solange akamkanyaga Adolphine kidole gumba kwa nguvu zake zote, na mimba ikamshuka mpaka mapajani.

"Mama," Bertin akasema taratibu, kama mtu anayemnyatia kuku asiruke, "umesema kumi na mbili?"

Hapo ndipo lilipofumbuka jicho la pili. Adolphine akaiona meza, akaiona kofia mikononi mwa kijana, akatambua amekaa ukuta gani na yuko upande gani. Maisha yake yote alikuwa amepandisha mahari. Hakuna aliyewahi kumwita kushusha. Akamwona Norbert kwenye usukani, jina lake kwenye karatasi, na bamama wake nyuma juu ya magunia, wakilipa nauli katika gari lao wenyewe.  Lakini kurudisha neno? Shangazi anayerudisha neno mbele ya wakwe huondoka pale akiwa kijukuu.

Akavuta kitenge chake, akakifunga upya, polepole sana.

"Umesikia muzuri," akasema. "Kumi na mbili. Sasa mulete vyombo."

"Vyombo gani, Mama?"

"We uko muntu wa wapi?"

"Mufuliiru."

"Na kwenu, binti wa mahari kubwa anatumwa kwa bwana uchi?"

Kaka yake Bertin akaangua kicheko kabla hajajizuia. "Hapana, Mama. Anasindikizwa."

"Na nini?"

"Na sufuria, godoro, na..."

"Asante. Wewe umekuzwa." Akamgeukia Bertin. "Huyu binti hana viatu. Nataka mapine mapya, ine, na ya tano ya akiba."

Sasa, elfu kumi na mbili ilikuwa imeshaingia moyoni mwa Bertin, imekaa, imevua viatu. Kijana aliyekuwa tayari kuteremka mpaka kumi na moja alikuwa ameshaanza kuezeka nyumba kwa ile nyongeza. Kumfukuza mgeni wa namna hiyo si rahisi. Na mapine yalikuwa yamejaa dukani kwake, aliyanunua kwa jumla.

"Mapine, sawa," akasema.

"Moyo wake unapiga kidogo. Batri."

"Batri pia, Mama?"

"Unataka afe kwa bwana wiki ya kwanza, tukurudishie maiti?"

Batri ikaingia. Kikaingia kitanda cha chuma cha juu, kwa sababu binti hubeba mzigo kichwani. Ikaingia plaki, maana binti asiye na jina la ukoo hufukuzwa kila kijiji. Kumbe kaka yake Bertin ndiye aliyekuwa akiwashughulikia watu hizo karatasi, na alijua mlango upi uko wazi. Bertin alijaribu kusimama kwenye esanse. Akasema hapo hapana, hapo Mama amemaliza ukoo wake.

"Mwanangu," Adolphine akamwambia kwa upole, "kwenu binti anatoka nyumbani na njaa?"

Tangi likajazwa.

Solange alikuwa ameacha kumkanyaga. Alikuwa anahesabu kwenye simu, akaisogeza karibu na macho. Kila walichokuwa wakikihitaji kilikuwa kimeingia, na mia nne zilibaki. Hata wangeshinda vita yao mpaka kumi na moja kamili, kisha wakanunua hayo yote wenyewe, wangepita elfu kumi na mbili na mia mbili bila esanse. Akamtazama yule mwanamke mzee kitini, akashindwa kujua amuombe radhi kidole au la.

"Carte rose tuandike jina gani?" kaka yake Bertin akauliza. "La bwana?"

"Bwana wangu iko makaburini, hapiti tena barabarani. Andika Tuinuane."

Waliingia Baraka siku ya soko, madirisha yote chini, Nimbona akipiga honi bila sababu. Vigelegele vilianzia kwa wauza ndakala vikapita mpaka kwa wauza mafuta ya mawese ambao hawakujua hata kuna nini. Adolphine alishuka wa mwisho, taratibu, mguu mmoja kwanza, ili hata wenye macho mabovu wapate muda wa kuona.

Norbert akalizunguka gari, akapiga teke gurudumu jipya. "Mulilipa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Balikula makuta yenu!" akashangilia. "Mi ningelipa kumi na moja!"

"Ile ya kumi na moja iko uchi, shemeji. Sisi tulioa na vyombo."

Jioni hiyo alisimulia safari yote, na katika masimulizi yake ile kumi na mbili aliitega tangu Lweba, akiwa bado njiani kwenda. Solange alisikiliza, akainamisha uso, akanywa chai yake. Tangu hapo hadithi hiyo imenenepa. Wapo wanaosema Bertin alilia.

Jumatatu asubuhi jeep ilipanda Fizi kwa mara ya kwanza, magunia juu, magunia nyuma, na bamama wanne wamebanana katikati yake wakinuka ndakala na manukato. Mbele, kando ya dereva, alikaa Adolphine. Kwenye kizuizi cha barabara askari kijana akaomba karatasi. Nimbona akampa carte rose. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Tuinuane ni nani?" akauliza. "Mwenye gari iko wapi?"

"Ni mimi," akasema Solange kutoka nyuma.

"Ni mimi," akasema mwingine, sauti ikitoka kati ya magunia.

"Ni mimi, muzee," wa tatu akasema, na muzee mwenyewe hakuwa na hata ndevu.

"Na mimi! Mimi ndiye mwenye ile pine ya nyuma!"

Kijana akainamisha kichwa dirishani, akamtazama mama aliyekaa mbele, akingoja na yeye aseme. Adolphine, ambaye mdomo wake haujawahi kukosa neno, alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, anautazama mlima mbele yake kama mtu anayepigwa picha. Askari akarudisha karatasi, akaenda mwenyewe kuinua kijiti cha kizuizi.