Ukuta Haukujibu

Siku ile ukuta haukujibu.

Kopi alikuwa chumba cha nyuma, amepiga magoti mbele ya kabati la droo ndogo ndogo, kifungo cha kahawia kikiwa katikati ya kiganja chake. Kilikuwa ndicho chenyewe: matundu manne, ukingo ulionyanyuka kidogo, na mistari kama ya ukuni uliopasuliwa. Alikuwa amekitafuta asubuhi nzima. Akasimama, akajinyoosha mgongo, akagonga ukuta mara mbili kwa kifundo cha kidole. Akasubiri.

Katika nyumba hiyo ukuta ndio uliokuwa simu. Mama yake alikaa chumba cha mbele na kompyuta, yeye akakaa nyuma na bidhaa. Duka lao lilikuwa la mtandaoni, na liliuza vifungo vya nguo tu. Mtu aliyedondosha kifungo cha koti au gauni alipiga picha ya vile vilivyobaki, akaituma, na wao wakamtafutia pacha wake. Mteja akishaweka namba za kadi yake, mama aligonga ukuta mara moja: tafuta. Kopi akikipata, aligonga mara mbili: kipo. Hapo tu ndipo mama alipobonyeza kuchukua hela, kisha akagonga mara moja tena: funga mzigo.

"Hela ya mtu haiguswi mpaka kifungo kiwe mkononi," mama alikuwa akisema. Huduma ya malipo waliyoitumia iliwaruhusu kufanya hivyo. Iliishika hela palepale kwenye kadi ya mteja bila kuichukua, na siku zikipita bila mama kubonyeza, iliiachia yenyewe.

Kopi akagonga tena mara mbili. Kimya.

"Mama, umelala?" akaita kwa utani, maana mama alikuwa hapendi kuambiwa amelala mchana. Akatoka na kifungo chake mkononi, akazunguka ukumbini, akasukuma mlango. Mama alikuwa kwenye kiti chake, miwani imeteremka puani, kichwa kimeegemea ukuta uleule. Oda ilikuwa bado wazi kwenye kioo cha kompyuta. Ni mtu aliyelala tu, ungesema. Kopi alimshika mkono, na mkono ukamwambia.

Baada ya mazishi watu walikaa, wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na shughuli zake. Aliyebaki akipiga simu ni mjomba, ndugu pekee wa mama, fundi wa majokofu mwenye sauti kubwa kama anazungumza na mtu aliye juu ya paa.

"We Kopi, umekula?"

"Nimekula, mjomba."

"Umekula nini?"

"Chai, mjomba."

"Haya, chai si chakula. Nakuja jioni."

Jina la Kopi alilitoa yeye. Alimwona mtoto siku alipozaliwa, akacheka mpaka muuguzi akamfukuza: "Dada, huyu hukumzaa, umemtoa kopi!" Jina likaganda. Na kweli alifanana na mama kupita kiasi. Paji la uso, kidevu, hata namna ya kukunja midomo akitafuta kitu. Sauti nayo ilikuwa ileile. Wateja waliopiga simu walikuwa wakianza moja kwa moja, "Mama Vifungo, shikamoo," naye akawajibu, "Subiri nimwite." Wengine walidhani mama anawatania.

Mjomba ndiye aliyekwenda benki kutoa taarifa ya msiba. Siku chache baadaye huduma ya malipo ilituma ujumbe: akaunti imefungwa kwa kuwa mmiliki amefariki, poleni sana. Tangu hapo kila aliyeingia dukani na kufika sehemu ya kulipa alikuta maandishi mekundu kwamba malipo hayapatikani kwa sasa. Wateja wakawa wanaingia, wanaangalia, wanatoka. Kopi aliwaona kwenye kompyuta, vidoti vidogo vya kijani vinavyowaka na kuzimika.

Mmoja tu ndiye aliyepiga simu. Ni mwalimu wa muziki, yule wa kifungo cha kahawia.

"Mama Vifungo, shikamoo. Hela yangu imerudi yenyewe. Kwani kifungo hakikupatikana?"

"Kimepatikana," Kopi akasema. Hakusema subiri nimwite. "Sehemu ya kulipia ndiyo imeharibika kidogo."

"Mimi nakisubiri. Binti yangu anaolewa mwisho wa mwezi, na koti langu ni hilohilo moja. Nikivaa bila kifungo, wakwe watasema nimegombana na mtu mlangoni."

Kopi akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, na kicheko kilimshtua, kwa sababu kilikuwa cha mama.

Siku iliyofuata akaanza kutafuta huduma nyingine. Alisoma mpaka macho yakamuuma. Kulikuwa na makato ya kila muamala, ada za kila mwezi, kadi za nje zinazokatwa zaidi, na utaratibu wa mteja anayedai kurudishiwa hela. Mjomba, aliyekuwa amekuja na mkate na mayai, alisimama nyuma yake akisoma kwa sauti.

"Hii hapa haina ada ya mwezi. Chukua hii."

"Nataka kuwauliza kitu kwanza."

"Kitu gani? Bure haiulizwi, Kopi. Bure unachukua unakimbia."

Akapiga simu. Akapokea kijana mchangamfu. Kopi akamuuliza kama anaweza kuishika hela ya mteja bila kuichukua mpaka bidhaa ipatikane.

"Dada yangu, sisi hela inaingia papo hapo! Ukilala, ukiamka, iko kwako."

"Siitaki papo hapo."

"Huitaki?" Kijana akacheka. "Ni biashara gani hiyo inayokataa hela?"

"Ya vifungo," Kopi akasema, akaaga.

Kampuni ya pili haikuwa na mtu. Kulikuwa na sauti iliyomwambia abonyeze moja, kisha mbili, kisha arudi mwanzo. Mjomba akaichukua simu, akaikaripia ile sauti kama anayekaripia mtu, akairudisha mezani.

Ya tatu ilikuwa na ada ya mwezi na makato makubwa kidogo. Mwanamke aliyepokea alimsikiliza hadi mwisho. "Ndiyo," akasema. "Unaishika wiki nzima. Usipoithibitisha, inarudi kwa mteja bila makato."

"Ghali," mjomba akanong'ona, akitikisa kichwa.

"Nachukua hii," Kopi akasema.

Mjomba akavuta kiti, akakaa. "Mama yako naye alikuwa hivihivi," akasema taratibu. "Nilimtengenezea jokofu, akanilipa baada ya kuhakikisha barafu imeganda. Mimi! Kaka yake!"

Alipoondoka, nyumba ikarudia kimya chake. Kopi alihamia kwenye kiti cha mama, akafungua ukurasa wa kujiunga. Kujaza fomu hakukuwa kugeni kwake. Mama alichukia kuvaa miwani mbele ya watu, kwa hiyo tangu Kopi akiwa shuleni alimjazia kila kitu: hospitali, benki, leseni ya duka. Vidole vilikwenda vyenyewe. Jina la duka. Jina la mmiliki. Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya kitambulisho aliijua kwa moyo, hakuhitaji hata kufungua droo. Akaipiga picha kadi ya kitambulisho cha mama iliyokuwa bado ndani ya pochi yake, akaendelea.

Ukurasa wa mwisho ukamwomba mmiliki aangalie kamera, ageuze uso kushoto, kisha kulia.

Akageuza. Duara likazunguka kwenye kioo. Kisha maandishi yakatokea: uso haulingani na kitambulisho.

Akadhani ni mwanga. Akafungua pazia, akafuta kamera kwa pindo la blauzi, akarudia. Haulingani. Akasogeza kiti karibu na dirisha, akakunja midomo kama mama anavyoikunja pichani, akarudia tena. Safari hii mashine iliandika kwa adabu: tafadhali mwenye akaunti awepo mwenyewe.

Kopi alibaki akiyatazama maneno hayo. Maisha yake yote, shangazi, majirani, wauza duka, hata watu wasiomjua walimsimamisha njiani kumwambia yeye ni mama yake mtupu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba hafanani. Mashine ndiyo ya kwanza, na mashine ilikuwa sahihi. Hapo ndipo alipotambua alichokuwa amekijaza. Hakuwa amekusudia kumdanganya mtu. Kwake, mmiliki wa duka alikuwa mama, na swali lilipouliza mmiliki, mkono ulijibu.

Alilia kwenye kile kiti mpaka kompyuta ikazima kioo chake yenyewe.

Asubuhi akaipigia simu kampuni ileile ya tatu. Bahati ilikuwa kwamba alipokea mwanamke yuleyule.

"Naona maombi yako yamekwama," akasema. "Mwenye duka yuko karibu nizungumze naye?"

"Hayuko."

"Atarudi lini?"

"Harudi. Alikuwa mama yangu. Nilijaza jina lake. Sikufikiri."

"Pole sana, mdogo wangu. Pole." Kisha, kwa upole, "Sasa duka ni la nani?"

"La mama."

"Ninakuelewa. Lakini nisaidie. Mteja akipelekewa kifungo kisicho chake, anampigia nani?"

Kopi akautazama ukuta. Mahali mama alipokuwa akigonga palikuwa pamechujuka rangi, duara dogo kama sarafu.

"Ananipigia mimi."

"Basi huyo ndiye tunayemwandika. Naifuta hii, tuanze upya. Sema jina lako kamili."

Akalisema. Lilisikika geni kidogo, kama jina la mtu aliyeitwa kwenye foleni. Mwanamke akamtajia karatasi atakazohitaji kwa ajili ya leseni, akamsubiri ageuze uso kushoto, kulia. Duara likazunguka, likakubali.

"La mwisho," yule mwanamke akasema. "Mteja akiangalia taarifa ya kadi yake benki, aone jina gani? Si lazima liwe lako. Linaweza kuwa la duka."

"Mama Vifungo."

"Mama Vifungo," akarudia akiandika. "Zuri hilo."

Leseni mpya ilipotoka, maandishi mekundu yakaondoka dukani. Kopi akampigia mwalimu wa muziki. Mwalimu akalipa kabla hawajaagana, na kifungo kilifika kwake siku mbili kabla ya harusi. Alituma picha: koti limefungwa mpaka juu, binti kando yake anacheka. Mjomba alipoiona aliisogeza karibu na macho, akauliza kifungo chenyewe ni kipi. Akaambiwa, akasema, "Ndiyo makato yote yale kwa hicho?" kisha akapangusa macho kwa kiganja, akaomba chai.

Kompyuta bado iko chumba cha mbele, droo ziko chumba cha nyuma. Oda ikiingia, simu hutetemeka mfukoni mwa Kopi. Anatafuta kifungo, akikipata anatoka nacho mkononi, anazunguka ukumbini, anabonyeza kuchukua hela, kisha anarudi nyuma kufunga mzigo.